Mlio wa Uzi

Tabby aliambiwa afumbe macho, akafumba, lakini wapi. Aliyabana. Kope zilikunjamana, mdomo ukapinda, mabega yakapanda mpaka karibu na masikio, na mkono ulioshika upinde ukaanza kutetemeka. Mbele yake, hatua chache tu, kulikuwa na marobota ya nyasi kavu yaliyopangwa mpaka yakawa mapana kuliko mlango wa ghala. Hata mtoto wa nasari angeyapata kwa kurusha kiatu. Hapakuwa na duara la kulenga wala mtu wa kuhesabu pointi. Kazi ilikuwa kuvuta uzi, kutulia, kuachilia, basi. Na kitu kidogo hivyo kilimshinda.

Uzi ulimponyoka kabla haujafika kidevuni. Mshale ukaingia kwenye nyasi kimshazari, na Tabby akafumbua macho haraka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Kocha Kimaiyo hakumgombeza. Hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Kimaiyo, kwamba hakujua kugombeza, na mtu anayejigombeza mwenyewe mchana kutwa hutamani mwingine ampokee hiyo kazi japo dakika mbili. Aliuchomoa mshale, akamrudishia, akamwambia arudie tena polepole. Siku za wiki alikuwa mwalimu wa michezo katika shule moja ya upili upande wa Njoro. Jumamosi alikuja hapa Nakuru, kwenye uwanja wa zamani wa hoki ambao kina babu wa Jasleen, rafiki yake Tabby, waliuchezea enzi zao, akafundisha watu kulenga shabaha.

Ugonjwa wenyewe ulimwingia Tabby baada ya Krismasi. Kabla ya hapo yeye ndiye aliyekuwa akiogopwa pale klabuni. Kisha hivi hivi tu, bila kuumwa wala kuanguka, mkono ukaanza ukaidi. Kila alipoinua upinde na kuona lile duara la manjano lililo katikati ya shabaha, vidole vilifunguka vyenyewe. Yeye hakuvifungua, angeapa mahali popote. Wenzake wakamtania kwamba ana homa ya manjano, akacheka pamoja nao, akaenda kulia chooni.

Kimaiyo alimwambia asione haya, hiki ni kiwewe kinachojulikana, kimewashika hata mabingwa. Jicho ndilo linalotisha mkono. Dawa yake ni kulipumzisha jicho. Unasimama karibu na nyasi, unafumba macho, unapiga mishale siku baada ya siku mpaka mgongo na mabega yajue kazi yao bila kuamrishwa. Baadaye jicho unalikaribisha tena, lakini linakuja kama mgeni, si kama mwenye nyumba.

Dawa nzuri, na wengi wamepona nayo. Ila Kimaiyo hakujua kwamba kwa Tabby macho ndiyo yaliyokuwa yakimlinda.

Na siku zenyewe zilikuwa zinakwisha. Mwisho wa mwezi kulikuwa na mchujo, papo hapo uwanjani, wa kuchagua wanne wa kwenda kushindana Kigali. Jasleen, ambaye baba yake ndiye mwenye hadiweya, duka la vifaa vya ujenzi alikofanya kazi Tabby, na ambaye ndiye aliyemshika mkono akamleta kwenye mchezo huu, alikuwa na nafasi yake mfukoni tayari. Tabby alikuwa na nyasi zake na macho yake yaliyobanwa. Aliitaka ile safari kuliko alivyowahi kutaka kitu. Hakuwa amewahi kuchaguliwa kwa lolote maishani, hata ukiranja wa darasa.

Sasa tuseme la nyumbani, maana bila hilo haya mengine yataonekana ni deko.

Baba yake, Gachanja, alikuwa na posho mill, mashine ya kusaga unga, kule mtaa wa Rhonda. Alikuwa mzee wa kanisa, mjane tangu mkewe afariki miaka minne nyuma, mtu mpole aliyezoea kelele za mashine hata akaona maneno hayana haja. Binti huyu alimpa jina la mama yake yeye Gachanja, Wariara, kwa hiyo hakumwita Tabby. Alimwita Mami. Familia ilihamia Rhonda kutoka shamba lao lililokuwa juu kule, ng'ambo ya Molo, mwaka ule wa fujo za kikabila, wakati Tabby hajaingia hata darasa la kwanza. Tangu hapo Gachanja hakukataza mambo mengi nyumbani kwake. Alikataza upinde. Siku moja vijana wa kanisa walifanya mchezo wa kuigiza, askari wa Herode wakaingia na pinde za fito, na Gachanja, mzee wa kanisa mzima, akainuka kiti cha mbele akatoka nje, hakurudi.

Kwa hiyo, kwa miaka mitatu Tabby alikuwa "kwaya." Jumamosi anatoka na kitabu cha nyimbo, upinde unamngoja dukani kwa kina Jasleen nyuma ya makopo ya rangi. Kuna jioni baba yake alimuuliza walikuwa wanafanya mazoezi ya wimbo gani, akataja mmoja uliomjia, akamwimbia ubeti wake wa kwanza huku anasonga ugali. Gachanja alisikiliza mpaka mwisho, akasema ni mzuri.

Na jina la kocha? Hilo hata asingethubutu. Si kwamba Gachanja alikuwa mtu wa chuki, la, mahindi alinunua kwa watu wa kila lugha na mizani yake haikuuliza kabila. Lakini kulikuwa na majina, ya kabila la kina Kimaiyo, ambayo yakitajwa mezani, mzee aliacha kutafuna kwanza, akatazama sahani, kisha akaendelea.

Kuhusu ule usiku wa fujo, Tabby alikuwa na kumbukumbu za masikio tu. Mama yake alimfunika blanketi, akamwambia, "Fumba macho. Usifumbue mpaka nikwambie." Alikuwa mtoto mtiifu, akafumba. Akasikia mbwa. Akasikia filimbi kutoka mlimani. Halafu akasikia mlio mmoja mzito, dung, kama mtu aliyevuta waya wa ua akauachia. Kimya. Kisha mbali kidogo, mtu akalia mara moja tu. Baada ya hapo ilikuwa kubebwa na kukimbia. Na alijua ule mlio ulikuwa nini, maana baba yake aliwasimulia wageni hadithi hiyo miaka nenda miaka rudi: "Walitupiga mishale, sisi tukakimbia mikono mitupu." Ule mlio ulikuwa mshale unaowajia. Sasa wewe msimamishe mtu kama huyo, mwambie afumbe macho, halafu umwekee uzi wa upinde sentimita chache kutoka sikioni. Utarajie atulie?

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Kimaiyo alimwambia aweke upinde chini. Leo hapigi. Leo atasikiliza. Alishagundua kwamba kinachomshtua msichana huyu kiko masikioni, ingawa hakujua ni kitu gani, na akaona afadhali amzoeshe mlio huo bila kumpa kazi nyingine.

Kwanza alimketisha nyuma ya Jasleen, macho yamefumbwa, Jasleen akapiga kwenye shabaha ya mbali. Dung. Kimya. Kisha kule mwisho, tap. Kila mlio ulimshtua Tabby, lakini alikuwa ameketi, na aliyeketi hana cha kumponyoka. Baada ya muda Kimaiyo akamtuma upande wa pili, nyuma ya tuta la udongo lililoachwa na tingatinga, refu kuliko mtu, ambalo shabaha zilipangwa mbele yake. Hapo hata mshale uliopotea usingemfikia. Akae, aegemee tuta, afumbe macho, asikilize mishale inavyowasili.

Alikaa, akafumba. Akangojea ule mlio. Ukaja mnong'ono mwembamba, kama kitambaa kinachopasuliwa chumba cha pili, kisha tap. Ukaja mwingine. Fsss, tap. Tabby akaendelea kungojea. Upepo wa mchana ulikuwa unatoka ziwani ukipita juu ya tuta, na mnong'ono ukaja tena, lakini dung haikuja. Alitoa simu akampigia Jasleen, akamuuliza kama ameanza. Jasleen akamwambia amemaliza mishale yake yote, kwani alikuwa amelala?

Tabby alibaki na simu sikioni hata baada ya kukatika.

Aliporudi alimuuliza Kimaiyo, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kama anayepigwa mshale husikia uzi.

"Kwa umbali huo, na upepo huu? Hapana," Kimaiyo alisema. "Uzi anausikia mwenye kupiga, na aliye karibu naye. Mwenye kupigwa anasikia mshale, tena akibahatika."

Alimuuliza kwa nini anataka kujua. Tabby akasema alikuwa anauliza tu.

Lakini moyo wake ulikuwa umeshahesabu. Ule mlio aliousikia chini ya blanketi ulikuwa mzito na wa karibu, ng'ambo ya ukuta wa udongo, uani kwao. Kilio ndicho kilichokuwa mbali. Na usiku ule nyumbani kulikuwa na mama yake, nyanya yake, yeye mwenyewe, na mwanamume mmoja.

Ewe Mola, siku zilizofuata. Dukani alimpimia mteja misumari ya mabati badala ya ya mbao, akarudishiwa kwa maneno makali, akaomba radhi bila kujua anaomba kwa nini. Nyumbani alimtazama baba yake mikono: mikono ile iliyomfunga viatu, iliyomshika siku mama alipozikwa, yenye unga kwenye mistari yake. Alitaka kuuliza, akaogopa. Akiuliza, lazima aeleze alijuaje, na kwaya yote ingemwagika. Asipouliza, kila atakapovuta uzi atakuwa amelala tena chini ya lile blanketi. Gachanja alimuona hali chakula, akamuuliza kama huko kwaya wanamsumbua. Tabby akasema ni uchovu. Akajichukia.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa mbaya kuliko zote. Safari hii uzi ulimponyoka wakati hata upinde haujainuka vizuri, mshale ukachimba ardhi mbele ya mguu wake mwenyewe. Jasleen akapiga kelele. Kimaiyo akauchukua upinde mkononi mwake, akamvuta kando.

"Tabby, sijui unasikia nini, na sitakuuliza," alisema. "Lakini hivi ulivyo siwezi kukuweka kwenye mstari na watu wengine. Utaumiza mtu. Nakupa mpaka Alhamisi, nitakuja baada ya masomo. Ukishindwa kutulia, jina lako nalitoa."

Alisema kwa upole uleule wake, na upole huo ndio uliomuuma. Utaumiza mtu. Tabby aliondoka uwanjani akiwa na begi la upinde mgongoni. Hakulipeleka dukani. Alilipeleka Rhonda.

Posho mill ilikuwa inanguruma. Mama mmoja alikuwa anangojea debe lake la mahindi, na Tabby akasubiri mlangoni mpaka akaondoka na unga wake kichwani. Kisha aliingia, akaweka begi juu ya gunia, akafungua zipu. Gachanja alitazama. Alinyoosha mkono akazima mashine, na mkanda ukapiga piga mpaka ukasimama. Mahali pale hakuna aliyewahi kupasikia pakiwa kimya mchana.

"Si kwaya, Baba. Ni hii. Miaka mitatu sasa."

Gachanja alikuwa na unga kwenye nyusi, na hakuupangusa.

"Nilijua si kwaya," alisema. "Wimbo ulioniimbia una beti nne. Wewe ulijua mmoja."

Kama si hofu, Tabby angecheka. Akaendelea kabla ujasiri haujamtoka. Alimweleza homa ya manjano, nyasi, macho ya kufumba, tuta la udongo na alichosikia nyuma yake. Hakumficha hata jina la Kimaiyo. Kisha akasema lile lililomleta.

"Ule usiku nilisikia uzi, Baba. Na anayepigwa hausikii uzi."

Baba yake alikaa juu ya gunia, taratibu, akitangulia kushika ukuta. Nusu ya moyo wa Tabby ikaomba asijibu. Alipoanza kusema hakumtazama mtoto wake. Alimsimulia habari za Jonah, jirani yao kule juu, rafiki yake wa ujana. Nyani walikuwa wanamaliza mahindi ya wote wawili, na Jonah, ambaye kwao mtoto wa kiume hufundishwa upinde mapema, alimchongea Gachanja upinde kwa mikono yake akamfundisha kupiga. Walicheka sana kwa sababu Gachanja hakuwahi kumpata hata nyani mmoja. Usiku ule, filimbi zilipolia, aliuchukua upinde huo akasimama nyuma ya ghala. Mtu akaja akipita kwenye maharagwe. Hakukimbia, alikuwa anatembea, anakuja nyumbani.

"Nikavuta," Gachanja alisema. "Na nilipoachilia, Mami, nilifumba macho."

Nje watoto walikuwa wanapita wakisukuma tairi.

"Sikutaka kuona. Nikasikia amelia mara moja. Sikwenda kuangalia. Niliwabeba nyinyi tukaenda. Upinde niliutupa chooni."

"Alikuwa nani?"

"Sijui."

"Ni Jonah?"

"Nimekwambia sijui." Sauti ilimpasuka. "Jonah sijamuona tena, na sijauliza. Wako watu wa kule wananiletea mahindi kila mwezi. Ningewauliza siku yoyote. Siulizi."

Tabby alimkasirikia. Alimkasirikia mpaka mikono ikafa ganzi, na hakumkasirikia kwa sababu ya mshale. Nani anajua angefanya nini yeye, gizani, na mtoto ndani? Alimkasirikia kwa sababu ya ile hadithi ya mikono mitupu, iliyosimuliwa kwa wageni na chai, ambayo yeye aliimeza utoto mzima ikamkalia kwenye vidole. Wakati huohuo alimhurumia, akataka kumpangusa ule unga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Mteja alikuwa ameingia na mfuko, na Gachanja akainuka, akawasha mashine. Ndani ya zile kelele, bila kugeuka, aliuliza mchujo wao ni lini. Tabby akamjibu kwa kupaza sauti kwamba ni Jumamosi.

Alhamisi alisimama mbele ya nyasi, Kimaiyo nyuma yake kimya. Alifumba macho, akavuta. Akajiambia, ule ulikuwa wa Baba, huu ni wangu. Uzi ukafika kidevuni, ukakaa, na alipoachilia ni yeye aliyeachilia. Wa pili ukamponyoka. Wa tatu ukakaa. Hakuwa amepona, tusidanganyane, lakini kufikia jioni Kimaiyo alisema anaweza kumsimamisha kwenye mstari bila kuogopa. Jina lake halikutolewa.

Jumamosi kulikuwa na watu, na hema la wazazi, na meza ya waamuzi, na saa kubwa ya namba nyekundu inayohesabu kurudi nyuma. Gachanja alikuja. Tabby alimuona akivuka geti amevaa koti la kanisani. Alimuona Kimaiyo akimwendea kumsalimu kwa mikono miwili, na akamuona baba yake akiushika ule mkono muda mrefu kuliko salamu. Alikuwa akiuliza kitu. Kimaiyo akajibu, akaelekeza kidole upande wa milima. Gachanja akaitikia kwa kichwa, akaenda kusimama peke yake kwenye ua wa waya. Tabby hakusikia walichosemezana, akabaki anakibuni kwa namna zote mbaya.

Alipiga. Mshale mmoja mzuri, mmoja wa hovyo, miwili mizuri. Duara la manjano lilimwogopesha kama kawaida, vidole vikawashwa, lakini vilimsikiliza mara nyingi kuliko kukataa. Kila walipokwenda kuchomoa mishale alichungulia ubao wa alama. Alikuwa wa sita, akapanda akawa wa tano. Wakati wa kungoja zamu, Jasleen alimnong'oneza kumuuliza kama baba yake anaumwa, maana kila ukifika wakati wa kupiga anafumba macho, anashika waya kwa mikono yote miwili, hayafumbui mpaka filimbi ya mwisho. Tabby akamtazama. Ilikuwa kweli. Mzee amesimama pale kwenye jua kama mtu anayengoja kudungwa sindano.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya mishale mitatu. Miwili ikaenda vizuri sana, na hata bila ubao alijua: huu mmoja uliobaki ukiingia manjano, yeye ni wa nne, ni Kigali. Muda ulikuwepo wa kutosha. Aliinua upinde, akavuta, uzi ukafika kidevuni ukatulia kuliko wakati wowote tangu Krismasi. Na hapo, badala ya manjano, akamuona baba yake. Hakumuona kwa macho, mzee alikuwa nyuma yake. Alijua tu amesimama pale kwenye giza lake, anasubiri dung, na ikishalia hatajua imempata nani. Atakwenda nyumbani na uzi mwingine usioisha.

Alishusha upinde. Watu wakaguna. Kimaiyo, nyuma ya mstari, akaonyesha saa kwa kidole. Namba zilikuwa zinashuka. Tabby akageuza kichwa kumtazama baba yake na akabaki hivyo, akimtazama, huku jasho likimtiririka mgongoni na kila kitu ndani yake kikimwambia geuka, piga, wewe mjinga, piga. Wapigaji wengine wakamaliza. Uwanja ukawa kimya. Gachanja alingoja mlio, haukuja. Alingoja tena, uso umekunjamana. Kisha, polepole, kama anayehofia atakachokikuta, akafumbua macho. Akamkuta mtoto wake anamtazama.

Hakuna aliyetikisa kichwa wala kuinua mkono. Tabby aligeuka, akainua, akavuta. Sekunde zilizobaki hazikutosha kutulia, na hakutulia. Aliachilia kwa haraka, macho wazi, akauangalia mshale mpaka ulipokita. Filimbi ikalia.

Akawa wa tano. Wa nne alimshinda kwa pointi moja. Jasleen alimkumbatia akiwa analia zaidi yake, na Kimaiyo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, alimgombeza. Alimuuliza alikuwa anafanya nini, kwa nini ashushe upinde ulioiva, mtu anaitupa Kigali hivyo? Tabby akamwambia alikuwa anamngoja mtu. Kimaiyo akamtazama, akatazama ua wa waya, akaacha.

Alilia kidogo nyuma ya hema, kwa haki yake, maana aliitaka ile safari. Kisha akaosha uso bombani akaenda kwa baba yake, hajui atamwambia nini. Gachanja alikuwa bado ameshika waya. Macho yalikuwa mekundu, na alikuwa ameyaelekeza kule kule, kwenye shabaha, ambako mishale ilikuwa haijachomolewa.

"Ule wako wa mwisho," alisema, "umekwenda chini, upande wa kushoto. Pale penye nyekundu."

Tabby akageuka kutazama. Ndipo ulipokuwa.